Shairi lililopungua mizani moja

SWALI

"Shikamoo mwalimu. Ninafundisha Kiswahili shule ya msingi hapa Tanga. Mwezi uliopita tulifanya shindano la ushairi kwa darasa la sita na la saba: mada huru, beti tano, na tangazo lilisema shairi 'lizingatie vina na mizani'. Mwamuzi nilikuwa peke yangu. Mwishoni yalibaki mawili. La kwanza linaanza hivi:

Elimu ni taa yetu, hutung'arizia njia,
Elimu ni ngao yetu, adui hutukimbia,
Tuishike watu wetu, tusije tukajutia,
Elimu ni mali yetu, wazazi twawaambia.

La pili linaanza hivi:

Mama huamka giza, na vyombo havisikiki,
Mlango auliwaza, 'usilie, sihamaki',
Maandazi huyauza, na langu haliuziki,
Nimelala nasikiza, mimi sitikisiki.

Nililipa ushindi la pili. Baba wa mtoto aliyetunga la kwanza amekuja shuleni, akahesabu mbele ya mwalimu mkuu: mshororo wa nne wa mshindi una mizani, yaani silabi, 15 badala ya 16. Ni kweli, sikuwa nimeona. Anataka matokeo yafutwe na wanafunzi wapige kura. Mwenzangu ofisini ananiambia nisihangaike, kila mtu na ladha yake, ushairi hauna mwamuzi. Hilo limeniuma kuliko la mzazi, kwa sababu likiwa kweli basi nimegawa zawadi ya shule kwa mapenzi yangu. Na kuna jambo sijamwambia mtu. Marehemu mama yangu alikuwa akiuza maandazi. Je, kuna shairi zuri kwa kweli, au kuna mashairi ninayoyapenda tu? Nimjibu nini mzazi?"

JIBU

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Beti zote mbili ulizoniletea nimezisoma kwa sauti, kisha nikaziimba, maana shairi letu la pwani halikuumbwa kwa ajili ya jicho. Mambo unayouliza ni kadhaa, lakini nikikusoma vizuri naona linalokunyima usingizi ni hayo maandazi. Tutayafikia. Nataka kwanza nianze na mwenzako, kwa sababu amekupa faraja yenye sumu ndani.

Kila mtu na ladha yake: kwenye chakula hana kosa. Wewe unapenda chai iliyokolea tangawizi, mimi inanichoma, na hakuna baraza litakalotuamua. Hata ndimi zenyewe hazifanani. Mwaka 1931 mkemia wa Marekani, Arthur Fox, aligundua kwamba kuna unga ambao baadhi ya watu wakiuonja wanakunja uso kwa uchungu, na wengine hawasikii lolote. Baadaye ikajulikana kwamba tofauti hiyo hurithiwa. Ubishi wa namna hiyo huishia pale pale, kwa kuwa hakuna la kuoneshana.

Lakini mtazame mwenzako huyo huyo anaposahihisha insha. Haandiki "ladha yangu imekataa". Anaandika kwamba mwanafunzi amerudia hoja, kwamba tamati haikutoka kwenye kisa, na anapiga mstari chini ya sentensi ili mtoto aione. Mwanafalsafa Immanuel Kant aliieleza tofauti hii mwaka 1790: anayesema kitu kinampendeza anazungumzia nafsi yake, na anayesema ni kizuri anawataka na wengine wakubali. Unaposema "nalipenda", umenipa habari zako. Unaposema "ni zuri", umenishika mkono na kunipeleka kwenye shairi, na mimi nina haki ya kukuuliza: wapi?

Kuna kisa ambacho mwanafalsafa David Hume wa Uskoti alikitumia mwaka 1757, alipoandika kuhusu swali hili hili, naye alikitoa katika hadithi ya Kihispania. Watu wawili waliosifika kwa kuonja waliitwa kuuonja mvinyo wa pipa moja. Wa kwanza akasema ni mzuri, ila una ladha kidogo ya ngozi. Wa pili akasema ni mzuri, ila una ladha ya chuma. Watu wakawacheka wote wawili. Pipa lilipomwagwa hadi mwisho, chini kabisa ukakutwa ufunguo wa zamani uliofungwa kwa kamba ya ngozi. Nakipenda kisa hiki kwa sababu waonjaji walitofautiana na wote wawili walikuwa sahihi, kila mmoja kwa sehemu yake. Waliocheka ndio hawakuwa na ulimi.

Basi tulimwage pipa.

Shairi la kwanza, vina vyake vimekaa, -tu katika ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) na -a katika utao (nusu ya pili), mizani 16 kila mshororo bila kuyumba. Kwa mtoto wa darasa la saba hiyo ni kazi, na nitairudia baadaye. Sasa jaribu kitu kidogo. Liondoe neno "elimu", weka neno lolote lenye silabi tatu: amani, umoja, imani. "Amani ni taa yetu, hutung'arizia njia. Umoja ni ngao yetu, adui hutukimbia." Shairi limesimama vile vile. Hakuna kilichovunjika, kwa sababu hakuna kilichokuwa kimeshikamana. Taa hiyo inamulika nyumba gani? Adui anayekimbia ni nani, na amekimbilia wapi? Elimu imekuwa taa, ikawa ngao, ikawa mali, ndani ya mishororo minne, na hatukupewa nafasi ya kuiona hata moja kati ya hizo. Mtoto ameokota maneno yaliyokwisha kutungwa na watu wengine, akayapanga kwa usafi mkubwa.

Kwenye shairi la pili jaribio hilo linakwama. Mtazame mlango. Kwa Kiswahili mlango mbovu wa bawaba "unalia", ni usemi wa kila siku ambao hatuusikii tena. Mtoto ameusikia. Kama mlango unalia, basi unahitaji kuliwazwa, na kuliwaza ni neno tunalomwekea mfiwa na mtoto mchanga. Kwa hiyo usiku ule mama anayefungua mlango polepole ili asiamshe watu anakuwa anabembeleza kitu kinacholia, na tunajua bila kuambiwa kwamba ndani ya nyumba ile kuna mwingine wa kubembelezwa. Hilo halikutoka kwenye kitabu cha methali. Limetoka kwenye kulala macho.

Kisha "na langu haliuziki". Angeweza kusema mama haliuzi, na mizani angezitafutia njia. Amesema haliuziki, kana kwamba andazi lenyewe limekataa, kana kwamba limeumbwa lisiuzike. Mapenzi yote ya mama yameingia kwenye kiambishi kimoja. Sasa sikiliza vina vya utao: havisikiki, haliuziki, sitikisiki. Vyote ni vitenzi vya jambo lisilotokea. Nyumba nzima imezuiwa pumzi, na kina ndicho kinachoizuia. Sijui kama mtoto alipanga hivyo, wala sihitaji kujua. Kipo kwenye shairi. Mzazi anaweza kukiona, mwalimu mkuu anaweza kukiona, mwenzako ofisini anaweza kukiona. Huo ndio ufunguo chini ya pipa, mwalimu. Hukuuweka wewe.

Tuje kwenye mizani, maana baba yule hakukosea kuhesabu. "Mimi sitikisiki" ni mizani 7. Shairi la beti tano za mishororo minne, lenye 16 kila mshororo, linatakiwa kuwa na mizani 320. Kama beti zake nyingine zimetimia, huyu ana 319. Wazee wangeweza kuuita mshororo ule guni, yaani wenye kasoro ya vina au mizani, na sitawakatalia. Lakini ni vizuri mzazi aelewe mizani ipo kwa nini. Shairi la kimapokeo ni la kuimbwa. Sauti inakwenda kwa mahadhi yale yale ubeti baada ya ubeti, na maneno lazima yaenee ndani ya mahadhi kama mguu ndani ya kiatu. Silabi ikizidi, mwimbaji anajikwaa. Ikipungua, anairefusha moja ili kuziba pengo. Nilipoliimba hili, pengo liliangukia kwenye "mimi", nikajikuta nairefusha mi ya kwanza, kisha "sitikisiki" ikafuata kwa haraka na kunyamaza. Ilinishtua. Dawa yake ni rahisi: "na mimi sitikisiki", ikawa 8. Ila ukiweka hiyo "na", inakuwa "na vyombo", "na langu", "na mimi", na mtoto aliyelala anageuka kuwa kitu cha tatu katika orodha. Mimi ningeiacha kama ilivyo. Mwingine angeiweka hiyo "na", na nisingegombana naye.

Ugomvi wenyewe si mpya. Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha kitabu cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na vizazi vya watunzi vimejifunza humo. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa diwani isiyofuata vina wala mizani, na wakatoka watetezi wa kila upande, wengine wakisema kisicho na vina na mizani hakistahili hata jina la shairi. Walikuwa watu wazito, si wa kupuuza. Nilichojifunza kwa kuwasoma wote ni kwamba walikuwa wakigombea mpaka: kipi kiitwe shairi. Ubora ni swali jingine. Vina na mizani vinakujulisha kwamba umeingia nyumba ya shairi la kimapokeo, lakini havikuambii kama ndani kuna mtu. Shaaban Robert, aliyezaliwa hapa kwetu Vibambani mwaka 1909, alizishika sheria hizo kwa mkono thabiti, na maelfu wa wakati wake walizishika vile vile. Tunaendelea kumsoma yeye.

Mzazi anataka kura. Tuna methali, chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na wengi wangesema waachie watoto, chema kitajiuza. Mwaka 2006 watafiti watatu huko Marekani, Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts, walitangaza matokeo ya jaribio walilofanya kwa watu zaidi ya 14,000 na nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Kundi moja lilisikiliza na kuchagua bila kujua wengine wamechagua nini. Wengine waligawanywa katika makundi manane, na kila kundi lilioneshwa wimbo upi umechukuliwa mara ngapi na wenzao wa kundi hilo. Pale watu walipoona chaguo la wenzao, nyimbo chache zilipaa mno, na zilizopaa hazikuwa zile zile katika kila kundi. Hata hivyo, nyimbo bora kabisa ni nadra zilizama, na mbovu kabisa ni nadra zilipaa. Zile za katikati ndizo zilizorushwa huku na huku na upepo. Kwa hiyo methali ina ukweli kwenye ncha mbili, na katikati haitoshi. Watoto wakinyoosha mikono darasani, wa tatu atamtazama wa pili. Ukitaka maoni yao, na ni jambo jema kuyataka, yawe kwa karatasi, kila mmoja kwa siri, na wayasikie mashairi yote mawili yakiimbwa na mtu mmoja.

Sasa maandazi. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na wewe umejishtaki mwenyewe kabla hujashtakiwa, jambo linaloniambia una moyo wa uamuzi. Kuna njia ya kupima. Badilisha biashara: "Vitumbua huviuza, na changu hakiuziki." Mizani ziko pale pale, na shairi halijapungua hata chembe. Kwa hiyo kilichokugusa si maandazi. Pengine kilichokugusa ni mama aamkaye usiku, na hapo historia yako imo, sitakudanganya. Lakini maisha yako yanaweza kukufanyia mambo mawili tofauti. Yanaweza kukufungua sikio: wewe unajua sufuria isiyogongwa ina maana gani, na mwamuzi aliyelelewa kwenye nyumba yenye ukuta mnene huenda angeipita ile "vyombo havisikiki" bila kusimama. Hayo ni maarifa, usiyaonee aibu. Na yanaweza pia kukufumba jicho. Mizani iliyopungua hukuiona, mwalimu. Umefundisha mizani miaka yote hiyo, na ukaipita. Nadhani hapo ndipo marehemu mama alipokushika mkono, Mungu amrehemu. Ungeiona, naamini ungetoa uamuzi ule ule, lakini ungeutoa macho yakiwa wazi, na baba yule angekuta umekwisha kuipunguzia alama.

Kipimo kingine ni muda. Wanasaikolojia wanajua tangu kazi ya Robert Zajonc ya mwaka 1968 kwamba kukutana na kitu mara kwa mara hutufanya tukipende zaidi, na wapo waliodai kuwa ladha yote ya sanaa ni mazoea tu. Mwaka 2013 Aaron Meskin na wenzake, huko Uingereza, walilijaribu dai hilo. Waliwaonesha wanafunzi, wiki baada ya wiki, picha za John Everett Millais, mchoraji anayeheshimika, na picha za Thomas Kinkade, ambaye wahakiki wengi humdharau. Kadiri wanafunzi walivyoziona za Kinkade mara nyingi, ndivyo walivyopungua kuzipenda. Mazoea yenyewe yalifichua kilichokosekana. Ni jaribio moja dogo, lisibebe zaidi ya uzito wake, lakini unaweza kulifanya nyumbani bila gharama. Yasome mashairi haya mawili kila asubuhi kwa wiki mbili. Ukiona lile la mama limeanza kukuchosha, njoo unikosoe.

Ladha tupu ipo pia, na ni haki kuikubali inapofika zamu yake. Hapa Tanga vikundi vya Black Star na Lucky Star viliingiza magitaa katika taarab, na mpaka leo ukikaa barazani Ngamiani utamkuta anayeona huko ndiko taarab ilikopata damu, na anayeona taarab ni ile ya Unguja yenye fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi. Mimi sauti ya mwimbaji Shakila hunisimamisha njiani. Jirani yangu humsikiliza kwa adabu tu. Tumeoneshana kila cha kuoneshana na bado kila mtu yuko kwake, kwa sababu tunapima kazi mbili nzuri za namna mbili. Mashairi yako mawili hayako hivyo. Moja limetengenezwa vizuri, jingine limetengenezwa vizuri na limeona kitu.

Mzazi mjibu hivi. Anza kwa kumpa haki yake: mizani moja imepungua, tangazo liliitaja mizani, na wewe ulipitiwa. Usitafute pa kujificha. Kisha mwambie tangazo halikusema kila mizani ina alama ngapi, na hilo ni kosa la shule, mwakani liandikwe. Baada ya hapo mketishe, umsomee yote mawili, umuoneshe mlango na andazi kama nilivyokuonesha. Usimwambie "mimi ndiye mwalimu". Mwache abishe. Akikuonesha kitu kwenye shairi la mwanawe ambacho mimi na wewe hatukukiona, katika zile beti nne ambazo sikuziona, kichukue kwa uzito, maana nimeamua kwa ubeti mmoja mmoja, na huo ni upungufu wangu. Matokeo nisingeyafuta. Asiporidhika, au wewe mwenyewe ukibaki na shaka, acha kuniandikia mimi. Watafute watu wawili watatu wa mjini wanaotunga na kuimba mashairi, wape nakala zilizochapwa bila majina, bila kusema lipi lilishinda, bila habari za mama yako. Waketi pamoja nawe wayasome kwa sauti. Wakikuamulia kinyume, kubali na utangaze.

Huyo mtoto wa kwanza usimwache na nafasi ya pili na ugomvi wa baba. Ana sikio la mizani ambalo watu wazima wengi hawana. Mwite, mpe kazi ya ubeti mmoja: aandike kuhusu kitu kimoja alichokiona yeye njiani leo asubuhi, kwa mizani zile zile 16, na neno "elimu" lisiwemo.

Na yule wa pili, nasikia mashairi ya washindi husomwa mbele ya wazazi siku ya kufunga shule. Kabla hujalipanga lake, muulize faraghani kama mama yake anajua kwamba huwa yuko macho.